Picha Hii Imepita Simu Ngapi?

Picha yoyote munayoniletea, sianzi kwa kuuliza nani yuko ndani. Nauliza: imepita simu ngapi? Mukinijibu, "Koko, sijui, ilikuja tu kwa WhatsApp," basi mukae chini, tuko na kazi.

Minye, bibi yenu munayeniita Koko, sikusoma sana. Nilifika pale wanapokufundisha kuandika jina lako na kutoa na kujumlisha, halafu mama akaugua, nikaenda kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mahali pake. Lakini picha nimezifanyia kazi tangu nikiwa mwanamke kijana mpaka meno yakaanza kuniaga. Na hizi za kupitisha kwenye shuka jeupe, moja baada ya nyingine, muziki chini yake, zile munaita diaporama, nimezitengeneza za ndoa, za ubatizo, za kilio, hata za papa mmoja, baba mtu mzima, aliyestaafu kazi akataka kujitazama mwenyewe saa nzima. Sasa nimeacha. Studio nimeifunga. Ila hakuna juma linalopita bila mmoja wenu kusimama mlangoni na simu mkononi: "Koko, kidogo tu." Kwa hiyo naandika, ili mupunguze kunisumbua.

Munajua kiwanja cha kuanikia ndagala, pale chini kwenye mchanga. Picha ni kile kiwanja, na kila samaki ni nukta moja ya rangi. Ukiwa na ndagala nyingi, unamwaga, unatandaza, kiwanja chote kinang'aa fedha, hakuna anayeona mchanga. Sasa chukua ndagala za sahani moja, ujaribu kufunika kiwanja kilekile. Utawatenga, huyu hapa, yule kule, na katikati mchanga mtupu. Ndivyo picha ndogo inavyokuwa mukiivuta iwe kubwa kama ukuta. Ordinateri, yaani kompyuta, haivui samaki. Inatandaza tu wale uliowaleta.

Na WhatsApp munayoipenda ni kama ndagala zinazopita mikono ya wachuuzi. Wa kwanza anamwaga kutoka beseni kwenda beseni, vichwa vinakatika. Wa pili anamwaga tena, mikia inabaki. Wa tano anakuuzia unga, na bado anasema ni ndagala. Kila mara picha inapotumwa, inapunguzwa ili ipite haraka. Kwenye kioo cha simu hauoni tofauti, kwa sababu kioo ni kidogo kama kiganja. Uilete kwa shuka, ndipo utanililia.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Anzuruni. Alikuwa na chumba cha picha karibu na soko, siku zile za filamu, siku za kuingia chumba cheusi na kutoka unanuka dawa. Nilipita mlangoni pake na beseni kichwani. Akasema:

"Mama, hizo ndagala zako zitaharibu karatasi zangu kwa harufu."

"Na dawa zako zinaharibu ndagala zangu," nikamjibu. "Nani alipe?"

Akacheka mpaka akakohoa. Siku nyingine akaniuliza kama naweza kumfagilia chumba. Nikafagia. Halafu nikaosha vyombo vya dawa. Halafu nikaanika picha kwenye kamba, na hapo hakukuwa na tofauti kubwa na kazi niliyoijua. Alikuwa na kioo cha kukuza, cha duara, anakiweka juu ya picha, anainama. Kila picha niliyoitoa alikuwa na swali moja tu.

"Kope ziko wapi?"

"Kope gani, papa?"

"Za huyu muntu. Kama unaona kope za macho, picha iko muzima. Kama unaona giza tu juu ya jicho, iko mugonjwa. Usimpe mutu picha mugonjwa, ataweka nyumbani, itamwambukiza aibu."

Filamu ilikufa. Zikaja kamera za kadi, zikaja ordinateri, zikaja simu. Papa Anzuruni mwenyewe akaondoka duniani. Lakini sijapata kipimo kingine kinachoshinda kile. Wengine watawatajia namba, upana mara urefu, megabaiti. Namba ni nzuri, muzijue. Lakini kabla ya namba, vuta picha kwa vidole viwili, nenda kwa jicho, tafuta kope. Ukikuta miraba, rudisha picha kwa aliyekupa, umuulize ya kwanza iko wapi.

Kuna watu wanaona kutafuta ya kwanza ni kazi nyingi, wanapiga kapture. Yaani picha iko kwenye kioo, anapiga picha ya kioo. Bwana harusi mmoja alinipa picha zake zote hivyo. Nikamwambia, "Papa, leta zenyewe." Akasema niache maneno, ziko sawa tu. Ndoa ikafika, watu wameketi, picha zinapita. Kwenye shuka ikatokea picha yake amevaa suti, na juu yake, mstari wa betri iliyokwisha, na ujumbe ulioingia wakati anapiga kapture: "Chéri umekula?" Neno la mpenzi, na limetumwa na Solange. Bibi harusi aliitwa Jeanne.

Solange alikuwa dada yake wa tumbo moja, ilikuja kujulikana baadaye. Lakini munaelewa kwamba baadaye ilichelewa kidogo.

Na musije mukakimbilia upande wa pili, mukanijazia picha nzito kama mawe. Projekteri nayo ina kiasi chake cha nukta, haiwezi kutoa zaidi ya pale. Ukiipa ordinateri ya zamani picha kubwa sana, inasimama kupumua. Ilinikuta kule Mulongwe, mama mukwe wa watu yuko kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, anatafuna nyama, mdomo wazi, na ordinateri imekwama palepale. Nabonyeza, haisogei. Watu wanacheka, wanaacha, wanacheka tena. Yule mama akasimama akatoka nje, akakaa chini ya turubai na wapishi mpaka mwisho. Tangu siku ile nilifanya hivi: picha ya kwanza naiweka pembeni, siigusi kamwe. Natengeneza nakala, naipunguza ilingane na projekteri, naipitisha nakala. Kupunguza unaweza kila siku. Kurudisha kilichopunguzwa, hapana. Hilo mulishike hata kama mutasahau mengine yote.

Sasa niwaambie habari ya Papa Elia, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nifunge studio na moyo mweupe.

Papa Elia alikuwa mvuvi wa Kavimvira, mtu wa maneno mengi na sauti ya kuita mitumbwi. Mke wake alikuwa Mama Riziki. Ziwa lilipopanda, lilikula nyumba yao, wakahamia juu kwa ndugu na godoro na sufuria. Albamu zote zilibaki ndani ya maji. Halafu Mama Riziki akafa, kwa ugonjwa wa siku chache tu. Mwaka ukazunguka, familia ikapanga siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga.

Binti yao Riziki akanijia na simu.

"Koko, nataka mama aonekane kwenye shuka. Mukubwa. Mukubwa kabisa."

"Juu ya nini mukubwa? Kwa sababu gani?"

"Juu ya papa. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Kwa simu anaona mwanga tu. Tunamwonyesha mama, anasema, 'Ndiyo, ndiyo,' ila haoni, anatudanganya tusisikitike. Lakini mpira wakiuonyesha kwa shuka pale kwa vijana, anaona. Anaona mpaka anamtukana refa."

Nikaelewa. Mzee hajaona uso wa mke wake tangu siku ile wanafunga jeneza, na hata siku ile hakuona vizuri. Akiuona mkubwa na uko safi, ameupata. Ukikosa usafi, basi, maana macho yale yalikuwa yanazidi kufunga. Riziki hakusema hayo yote. Alisema tu, "Koko, usiniangushe."

Nikauliza swali langu. Picha imepita simu ngapi? Akacheka kwa huzuni. Ilikuwa ile picha ya kilio, iliyowekwa juu ya jeneza na kwenye tisheti. Familia nzima ilitumiana, kutoka Uvira kwenda Bujumbura, kurudi, kwenda tena. Hakukuwa na nyingine. Nikaivuta kwa vidole. Kope hakuna. Jicho lenyewe lilikuwa alama mbili za hudhurungi.

Nilijaribu. Nikatundika shuka studio, Riziki akamleta baba yake kwa mkono. Nikawasha projekteri. Papa Elia akasogea, akainua kidevu kama wanavyofanya wenye macho mabaya.

"Hii ni nini?" akauliza. "Muko munajenga? Naona matofali."

Nikaiweka ndogo, katikati, pembeni kote kweusi. Hiyo ni njia nzuri, muishike: picha ndogo usiivute, iache ndogo, izungushie weusi, watu wataiheshimu. Riziki akasema, "Ee, hapo ni mama." Lakini Papa Elia akasema, "Ndiyo, ndiyo," haraka haraka, na mimi na Riziki tukaangaliana. Alikuwa anadanganya.

Siku ya pili akafika Deo, mdogo wake Riziki, kutoka Bujumbura. Kijana mzuri, anampenda baba yake, sina neno baya juu yake. Alikuwa na programu mpya kwenye simu, ile inayosafisha sura. Unaipa picha mugonjwa, inakurudishia picha inayong'aa. Akaniletea, nikaitazama kwa jicho: kope ziko, moja moja, kama zimechorwa. Nikajua hapo hapo kuna kitu kibaya, maana kope zilizopotea hazirudi zenyewe. Ile ordinateri ya ndani ya simu ilikuwa imejaza kiwanja kwa ndagala za ziwa lingine. Lakini nikanyamaza, kwa sababu Deo alikuwa anacheka peke yake kwa furaha.

"Papa, angalia sasa! Mama huyu hapa!"

Papa Elia akasogea mpaka shuka likamwangazia kipara. Akatazama sana. Kisha akavua kofia, akainama kidogo, kwa adabu.

"Karibu, mama," akaliambia shuka. "Mumetoka wapi?"

Deo akamshika begani.

"Papa, ni mama," Deo akasema.

"Mama ya nani?"

Mwanamke wa kwenye shuka alikuwa na ngozi laini na meno yaliyopangwa kama mahindi. Mama Riziki alikuwa na jino moja la mbele lililopanda juu ya mwenzake, na kovu dogo kwenye nyusi alilopata kwa kamba ya wavu. Deo akazima projekteri, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Baba yake akamfuata kwa kupapasa ukuta, akakaa karibu naye. Nikawasikia.

"Si kosa lako, mutoto wangu. Yule mama alikuwa mzuri. Ila sikumuoa yule."

Basi nikachukua kile kioo cha kukuza alichoniachia Papa Anzuruni, nikaweka ile picha mugonjwa kwenye ordinateri, nikaanza kutazama. Sikuangalia uso. Uso nilikuwa nimeumaliza. Nikaangalia pembeni. Hili nalo muliandike mahali: picha ikikosa uso, tembea kwenye kingo zake, kama unavyozunguka nyumba ukitafuta mlango. Na kwenye bega la Mama Riziki, pale picha inapokatika, palikuwa na vitu vinne virefu vya rangi ya ngozi.

"Riziki, njoo. Hivi si vidole?"

Akaja. "Ee. Vidole."

"Vya nani?"

"Sijui, Koko. Aliyetengeneza picha ya kilio alikata. Si unajua?"

Nilijua. Wote munajua. Kwetu muntu muzima hakai kwenye picha ya kilio. Ukiwa umepiga picha na marehemu, wanakukata, wanamwacha yeye peke yake, ili kifo kisije kikakuzoea. Tunakata bila kufikiri. Na tukisha kukata, ile nakala iliyokatwa ndiyo tunayotumiana, na ile nzima inasahaulika. Nimeona familia nyingi zimepoteza picha nzuri kwa njia hiyo, si kwa maji wala kwa moto.

"Basi tumepona," nikamwambia.

"Tumepona namna gani?"

"Aliyekatwa alikuwa muzima. Kama angekuwa amekufa wasingemkata. Na muntu muzima anatafutwa. Kitenge hiki alichovaa mama yako unakijua?"

Riziki akainama. Picha ilikuwa mbovu, lakini rangi haikufa: kijani, na matunda mekundu. Akapiga mapaja.

"Hiki tulikata kwa ndoa ya Bahati! Kule Kiringye! Familia yote tulivaa kimoja!"

Bahati ni mutoto wa dada yake Mama Riziki, aliyeolewa na mkulima wa mpunga. Riziki akapiga simu, akaweka sauti juu.

"Bahati, ile simu uliyokuwa nayo siku ya ndoa yako iko wapi?"

"Ile? Ilikufa, yaya, dada yangu. Kioo kilipasuka, mutoto akakichezea mpaka basi."

Riziki akafumba macho. Nikanyakua simu.

"Na kadi ya ndani? Kadi ya memwari?"

"Huyu ni nani?"

"Ni Koko wa picha. Kadi iko wapi?"

"Kadi iko, Koko. Iko kwenye redio."

"Redio iko wapi?"

"Iko kwa mpunga. Inafukuza ndege."

Wajukuu zangu, nimefanya kazi na watu wa kila namna, lakini hapo nilikaa chini. Picha za ndoa zilikuwa zimetundikwa kwenye fimbo katikati ya shamba, zinapigia ndege muziki.

"Ningoje niitoe, nitume kwa WhatsApp," Bahati akasema.

"Usiguse!" nilipiga kelele hata Papa Elia akashtuka. "Usitoe, usitume. Kaa mbali na ile redio. Tunakuja wenyewe."

Tukapanda moto moja, pikipiki ya kukodi, minye katikati, Riziki nyuma, na dereva aliyekuwa anataka kutuonyesha kwamba anajua mashimo yote ya barabara ile, kwa kuingia ndani ya kila moja. Vumbi la bonde la Ruzizi lilitujaa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa na kikoba changu kifuani, ndani mna kile kinachomeza kadi na kuiunganisha na ordinateri. Sijawahi kutoka nyumbani bila hicho. Mwenye kazi ya picha asiyebeba hicho ni kama fundi wa moto asiye na spana.

Kiringye, tuliisikia redio kabla ya kuiona. Rumba, juu kabisa. Mume wa Bahati akatupokea, amekunja suruali, matope hadi magotini, mtu wa heshima na mcheshi.

"Karibuni, karibuni. Mumekuja kwa ndoa yetu? Mumechelewa kidogo."

"Mukwe," nikamuuliza, "hizo nyimbo uliziongeza lini?"

"Juzi, siku ya soko. Kijana wa nyimbo alisema kadi imejaa, lazima afute."

Riziki akanishika mkono. Kucha zake ziliniingia.

"Akafuta nini?" nikauliza.

"Nikamwambia afute mahubiri."

"Na picha?"

"Picha? Picha za ndoa? Hapana! Alitaka, nikamkatalia. Pale nilikuwa mwembamba, mama. Bahati akinitukana tumbo, ninamwonyesha."

Sijawahi kushukuru kiburi cha mwanaume kama siku ile.

Akaishusha redio, ndege wakarudi palepale, tukatoa kadi. Ilikuwa na vumbi, nikaifuta kwa ncha ya kitenge, taratibu. Nikaiweka kwenye kile kimezacho, nikafungua ordinateri juu ya paja langu, Bahati akitushikia mwavuli tuone. Picha zikaanza kufunguka. Wapishi. Ng'ombe. Watoto. Bwana harusi, kweli, mwembamba. Halafu kijani, na matunda mekundu.

Nikavuta. Nikavuta tena. Jicho likaja kubwa kama sahani, na juu yake kope, moja moja, na hizi hazikuchorwa na mtu. Kovu la nyusi. Jino lililopanda juu ya mwenzake. Nikatoa pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Uvira.

"Iko muzima," nikasema.

Riziki akainamia kioo. Alikuwa haangalii uso. Alikuwa anaangalia pembeni, kule mkono unakotoka. Mtu aliyeshika bega la Mama Riziki alikuwa amevaa shati la kitenge kilekile, kichwa nyuma, anacheka, kipara kinang'aa.

"Ni papa," akasema. "Koko, tulimkata papa."

Akakaa chini palepale kwenye tuta, akacheka, machozi yanatoka, matope hadi kiunoni, na hakujali. Bahati naye akaanza. Mimi nilikuwa na kazi. Nikanakili picha kwenye ordinateri, nikanakili tena kwenye flashi, kisha nikarudisha kadi kwa mwenyewe, maana ndege nao walikuwa wanakula mpunga wa watu. Riziki alipotoa simu apige picha kioo cha ordinateri, amtumie Deo palepale, nikampiga kofi mkononi. "Utume nini? Ipungue tena? Deo ataona kwa shuka kama wengine."

Siku ya kuondoa kilio tulifunika madirisha ya sala ya kanisa, ule ukumbi wa mikutano, kwa vitenge, kukawa na giza zuri. Grupu, jenereta ya umeme, ilikuwa nje, mbali, isitusumbue. Nilikuwa nimetengeneza nakala mbili. Moja nzima. Nyingine ya uso wa Mama Riziki peke yake, maana mkubwa wa familia, kaka yake Papa Elia, alinijia asubuhi akasema bila kuzunguka: "Mama, kaka yangu iko muzima. Musimweke kwenye picha ya kilio." Sikubishana. Familia ni yao, desturi ni yetu sote.

Tukaimba, tukaomba, nikawasha. Uso ukajaza shuka kutoka juu hadi chini, na haukupasuka hata mahali pamoja. Sala yote ikavuta pumzi. Wamama wa mbele wakaanza kulia, kisha wakanyamaza wenyewe, kwa sababu Papa Elia alikuwa amesimama.

Akasogea. Deo akataka kumshika, akamsukuma mkono. Akafika karibu kabisa, kichwa chake kivuli kwenye kidevu cha mke wake. Akainua kidevu, akatazama kutoka nyusi hadi mdomo, polepole, kama anasoma.

"Lile jino," akasema. "Ee. Lile jino. Mama Riziki. Nilimwambia dawa yake ni kucheka, asilifiche, na leo amenisikia."

Akashuka na macho hadi begani.

"Mukono huu wa nani?"

Riziki akasema, "Ni wako, papa."

"Wangu?"

"Mulikuwa pamoja. Ndoa ya Bahati. Tulikukata."

"Mulinikata minye?" akageuka, sauti ile ya kuita mitumbwi imerudi. "Niko na mke wangu, mumenikata? Juu ya nini?"

Kaka yake akajibu kutoka kwenye kiti: "Weye uko muzima, kaka. Muzima hakai kwenye picha ya kilio."

Papa Elia akafikiri. Akawageukia watu wote, ingawa hakuwaona, gizani mle.

"Na leo tumekuja kufanya nini hapa? Tumekuja kuanza kilio, ao tumekuja kukiondoa?"

Kaka yake akaanza kucheka, yeye wa kwanza, akipiga goti, na sala nzima ikamfuata, mpaka wale wamama wa mbele.

"Basi munirudishe," Papa Elia akasema.

Nikabonyeza. Uso ukarudi nyuma, shati la kitenge likaingia, kipara kikaingia, mkono ukapata mwenyewe. Mzee akajitazama, akamtazama mke wake, akarudi nyuma hatua kidogo ili awapate wote wawili kwa pamoja. Akapapasa kiti, Deo akamsogezea, akaketi mbele kabisa, magoti yanagusa shuka.

Nilikuwa na picha nyingine nyingi zimepangwa, na muziki wake. Riziki akanigeukia, akauliza kwa macho kama tuendelee. Papa Elia akainua mkono bila kugeuka.

"Acha hapo," akasema.

Nikaacha hapo.